Jiji Kwanza, Ramani Baadaye: Utangulizi wa Mipango Miji

Mipango miji ni fani ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam hukutana nayo mara ya kwanza siku wanapoamka na kukuta X nyekundu imechorwa ukutani. Afisa amepita na ramani, ramani inasema hapa ni hifadhi ya barabara, na nyumba iliyopandishwa tofali baada ya tofali kwa miaka kadhaa imegeuka kuwa kosa. Ndiyo maana ukimwambia mtu kwenye daladala kwamba unasomea mipango miji, atakutazama kama uliyekuja kumbomolea. Utangulizi huu unakuonyesha upande wa fani usioonekana kwenye ile X, na unakuandaa kuusoma waraka utakaokutana nao kila mara: mpango kabambe wa jiji, hasa wakati unapohuishwa.

Mpango kabambe husema, kwa takriban miaka ishirini ijayo, watu wakae wapi, viwanda viwe wapi, barabara kuu zipite wapi, maji ya masika yapewe njia gani na ardhi ipi isiguswe. Kwa Tanzania leo unasimamiwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1956. Mengine ya kisheria utayapata darasani. Yana umuhimu wake, ila hayaelezi kwa nini mpango unaweza kuzinduliwa kwa mbwembwe na jiji likaendelea na yake.

Kwa swali hilo, Dar es Salaam ni shule nzuri. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 ziligawa mji kwa aina za majengo, yaani, kwa vitendo, kwa rangi za watu. Waingereza wakaendeleza: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukiitenga Kariakoo na katikati ya mji. Mpango kabambe wa kwanza, wa 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb & Partners, ulipanga kwa ujazo: viwanja vikubwa vyenye nyumba chache Oysterbay, vya kati Upanga, vidogo vilivyobanana Ilala na Magomeni. Rangi ikawa imeingia kwenye vipimo vya viwanja. Baada ya Uhuru Waafrika wenye vyeo walihamia Oysterbay, lakini ngazi za ujazo hazikuondoka. Bado tunapima viwanja kwa ngazi hizo. Anayehuisha mpango hurithi mambo ya namna hii bila kuambiwa.

Mpango kabambe wa 1968 uliandaliwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates, na wa 1979 na kampuni nyingine ya Kanada, Marshall Macklin Monaghan. (Jiji la joto na masika, kuchorwa mara mbili mfululizo na wageni kutoka nchi ya theluji.) Kisha kimya kirefu. Miaka ya 1990 kulikuwa na Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, ulioshirikisha Umoja wa Mataifa na kujaribu kupanga kwa mazungumzo badala ya ramani kubwa moja, lakini mpango kabambe mpya haukupatikana hadi ule wa 2016–2036. Sensa ya 1978 ilihesabu takriban watu 840,000 mkoani Dar es Salaam. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541. Watu zaidi ya milioni tatu na nusu waliongezeka katika kipindi hicho, na wengi wao hawakulala barabarani. Walijenga.

Walijengaje? Hapa ndipo ningependa utulie. Nenda Chanika, Madale au Mbagala ya ndani uangalie shamba likigeuka mtaa. Mwenye shamba la mikorosho anamega kipande. Dalali anamleta mnunuzi. Kiwanja kinapimwa kwa miguu, hatua ishirini kwa ishirini, na mwenye hatua fupi huwa upande wa muuzaji. Majirani wanaitwa kuonyesha mipaka, minyaa inapandwa pembeni. Karatasi ya mauziano inaandikwa kwa mkono, mashahidi wa pande zote mbili wanatia sahihi, kisha inapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa kugongwa muhuri, na ofisi nayo inachukua chake. Mtu anaondoka na ardhi ambayo kila jirani anajua ni yake, ingawa haipo kwenye mchoro wowote wa wizara.

Mauziano hayo ni tendo la kupanga mji. Muuzaji akiacha njia ya hatua nne, gari la zimamoto litapita miaka thelathini ijayo; akiacha hatua moja, watapita watu na bodaboda tu. Akiuza mpaka mwisho, shule haitakuwa na mahali. Wilbard Kombe wa Chuo Kikuu Ardhi ameandika kwa kina juu ya soko hili la ardhi na taratibu zake, na ukimsoma utaacha kuyaita makazi haya holela kwa wepesi. Yana kanuni. Zinazokosekana ni zile za kulinda kitu cha wote.

Serikali imewahi kuyatazama makazi haya kwa macho tofauti. Miaka ya 1960 ilibomoa. Kuanzia 1972 sera iligeukia kuyaboresha. Ndipo Manzese ikaingizwa barabara na maji, na Sinza na Kijitonyama zikapimwa viwanja vya watu kujijengea, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja Mradi wa Viwanja 20,000, kisha leseni za makazi, na sasa urasimishaji. Kila mapitio ya mpango hulazimika kuchagua kati ya macho haya, na mara nyingi huchanganya yote katika sura moja bila kukiri.

Lakini usije ukadhani nakuambia watu wako sahihi daima. Bonde la Msimbazi ni njia ya maji, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengine mpaka Mabwepande. Hapo ramani ilikuwa na haki. Shida ni kwamba miaka michache baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile, na maji yakaifuata. Mwananchi wa Jangwani aliyeambiwa ahame alikuwa akiyaona mabasi yakiegeshwa mahali alipokatazwa kulala. Mpango hupoteza heshima kwa namna hiyo kuliko kwa uvunjaji wa mtu mmoja mmoja. Kigamboni nayo isome kwa jicho hilo: kuanzia 2008 wakazi walizuiwa kuendeleza ardhi yao wakisubiri mji mpya, na mji ule haukujengwa kama ulivyotangazwa.

Kwa hiyo ukipewa mpango uliohuishwa, anza na sura ya utekelezaji: nani analipa fidia, kwa fedha ya mwaka gani, na ofisi ipi. Ukitaka kujua tulivyofika hapa, tafuta kazi za Lusugga Kironde juu ya historia ya matumizi ya ardhi ya jiji hili. Tumsifu Nnkya naye alifuatilia mgogoro wa mipango na haki za wakazi huko Moshi. Msome kabla hujahudhuria mkutano wa wadau, maana utausikia mgogoro ule ukijirudia kwa sauti nyingine.

Katika mkutano huo ramani hubandikwa ukutani, maofisa hueleza dira, kisha mama mmoja huuliza: “Kiwanja changu kiko wapi hapo?” Kwa kipimo cha mpango kabambe hakionekani, mtaa wake mzima ni doa la rangi. Jibu liko kwenye michoro ya kina ya kata kwa kata, na kwa sehemu kubwa ya jiji michoro hiyo haijachorwa, au ilichorwa baada ya nyumba kusimama. Wahitimu wengi huota kuchora mji mpya. Kazi iliyolala ni hii ya mtaa wa mama huyu: kukaa na wenye viwanja, mwenyekiti na mpimaji, na kuwashawishi watu saba waachie hatua mbili mbili ili barabara ipite.