Kichwa kinauma baada ya kupiga dawa? Cheki na shingo

Vijana, msimu uliopita nilimeza vidonge karibu kila jioni nikilaumu jua. Kumbe ni bomba la lita 20 mgongoni na shingo niliyoinamisha kwenye nyanya kutwa nzima. Maumivu yalianzia kisogoni, upande mmoja, yakapanda hadi jichoni. Mtaalamu wa fiziotherapia alinisogeza viungo vya juu vya shingo taratibu (kinyozi wa kukung'uta shingo "ka!", mimi hapana), akanipa zoezi: vuta kidevu ndani, shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Wiki ya sita nikalala bila kidonge.

Ila kichwa kikija na kutapika, mate mengi, jasho na macho kufifia, hiyo si shingo, ni sumu. Vua nguo, oga kwa sabuni, wahi hospitali na lebo ya chupa mkononi.