Onyesho la awali la hati

Onyesho la awali la hati ni namna ya kuonyesha kurasa za faili ndani ya tovuti kabla msomaji hajaipakua faili nzima. Kwa kawaida picha ndogo za kurasa hupangwa pembeni, na ukurasa unaosomwa hukaa katikati.

Faili inayotumika zaidi ni PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993. Zamani kivinjari kilihitaji programu ya nyongeza ili kuifungua. Mwaka 2011 Mozilla ilianzisha PDF.js, inayochora kurasa ndani ya kivinjari chenyewe. Tangu 2013 imo katika Firefox.

Ukurasa mmoja hausumbui. Kinachosumbua ni wingi wa kurasa. Ukurasa wa A4 ukichorwa kwa nukta 150 kwa inchi huwa na pikseli 1240 kwa 1754. Kila pikseli huchukua baiti 4, hivyo ukurasa mmoja hujaza takriban megabaiti 8.7 za kumbukumbu ya simu. Kitabu cha kiada cha kurasa 200, kikichorwa chote kwa pamoja, kitadai megabaiti 1,740. Simu ya bei nafuu ya mwanafunzi wa Makorora, Tanga, itaganda kabla hajafika sura ya kwanza. Kwa hiyo programu nzuri huchora kurasa zinazoonekana tu, pamoja na jirani zake, na kuzifuta zilizokwisha kupitwa. Kurasa nyingine huachiwa nafasi tupu yenye urefu uleule ili maandishi yasirukeruke msomaji anaposogeza.

Bando nalo lihesabiwe. Seva ikiruhusu faili kutolewa kwa vipande, kivinjari huomba vile vinavyohitajika tu. Isiporuhusu, anayetaka kusoma ukurasa wa 3 hulipia kitabu kizima. Mtengenezaji mwenye intaneti ya kasi ofisini halioni tatizo hili kwa urahisi.

Mwelekeo wa kurasa pia una uzito wake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyopigwa picha kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na hufunuliwa kutoka kulia kwenda kushoto. Programu isiyojua hivyo hubadilishana nafasi za kurasa mbili zinazotazamana, na sentensi hukatika. Kanuni za IIIF, zilizoanza kutungwa mwaka 2011, humwezesha mwenye hati kutaja mwelekeo huo pamoja na orodha ya kurasa.