Ampli Ikizima Ghafla

Ampli ikizima katikati ya karamu, msiigonge. Kwanza ichomoeni kwenye umeme. Toeni kile kitambaa cha mapambo mlichoifunikia: joto likikosa pa kutokea, ampli nyingi hujizima zenyewe. Ingojeni ipoe. Kisha tazameni nyuma: nyuzi za spika zikigusana, huizima pia. Zichomoeni zote, mrudishe umeme. Ikikaa inawaka, kosa liko kwenye nyuzi au spika. Fyuzi ikiungua, wekeni ya ampea zilezile. Ikiungua tena, mpelekeeni fundi. Msifunge waya mahali pa fyuzi: nyumba inaweza kushika moto watoto wakiwa wamelala. Wala msifungue ampli wenyewe. Umeme hubaki ndani hata ikiwa imechomolewa.