Mwongoza Mchezo na Mwendo Wake: Je, Kwenda Mbio Ndiko Kushinda?

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda mlima kwa kilometa zipatazo 33, ikipinda kushoto na kulia juu ya bonde mpaka Soni, na kisha mpaka Lushoto penyewe, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Dereva aliyeizoea barabara hiyo hapunguzi mwendo kila mahali, wala hauongezi kila mahali. Huongeza penye mnyooko, na hupunguza kabla ya kuingia konani. Nimeanza na dereva huyu kwa sababu swali la makala haya niliulizwa huko juu mlimani, kando ya uwanja wa mpira wa kikapu wa shule moja ya sekondari.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Juni, na ukungu ulikuwa umekwisha kuanza kushuka kutoka upande wa msitu wa Magamba. Timu ya wasichana ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Mwalimu wa michezo alisimama pembeni akiita, "Haraka! Haraka! Peleka mbele!" Msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akiongoza mchezo alijitahidi kutii. Alikimbia na mpira, ukamponyoka. Akakimbia tena, akatoa pasi kwa mwenzake ambaye alikuwa hajafika. Baada ya mazoezi mwalimu aliniambia kwamba alikuwa akifikiria kumwondoa katika nafasi ile, kwa kuwa ni mzito. Msichana naye, baada ya kuniamkia, aliniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, wewe umesoma sayansi. Ni kweli kwamba namba moja lazima awe mtu wa kwenda mbio?"

Wahenga hawatupi jibu moja. Wametuambia kwamba haraka haraka haina baraka, na pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake. Kazi ya sayansi ni kutuonyesha mahali hapo ni wapi.

Kazi ya mwongoza mchezo

Katika timu ya watu watano, mchezaji ambaye wenzake humwita "namba moja" ndiye anayeupokea mpira nyuma, akaudunda mpaka upande wa wapinzani, kisha akaamua nani apewe na lini. Katika makala haya nitamwita mwongoza mchezo. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Sheria humpa sekunde 8 za kuuvusha mpira mstari wa katikati, na timu yake sekunde 24 za kujaribu kufunga. Ndani ya mipaka hiyo miwili, mwendo ni wake kuuchagua.

Tunapozungumza juu ya mwendo, Watanzania wengi humkumbuka Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Ushindi ule uliwafundisha vijana wengi kwamba aendaye mbio tangu mwanzo ndiye ashindaye. Lakini katika mbio, kila sekunde anayoiokoa mkimbiaji ni mali yake peke yake. Katika mpira wa kikapu mambo sivyo yalivyo, na hapo ndipo hesabu yetu inapoanzia.

Hesabu ya zamu

Tuite "zamu" kipindi chote ambacho timu moja inaushika mpira mpaka inapofunga, inapokosa na mpira ukachukuliwa, au inapoupoteza. Zamu ya timu moja ikiisha, zamu ya timu ya pili huanza. Kwa hiyo mwisho wa mchezo timu zote mbili huwa zimepata zamu zilizo karibu sawa kabisa. Mwongoza mchezo akiharakisha, huongeza zamu za timu yake, lakini wakati huohuo huongeza na za wapinzani. Mwendo ni mali ya shirika.

Basi pointi za timu ni zao la namba mbili: idadi ya zamu, mara wastani wa pointi kwa kila zamu. Tuchukue mfano. Timu A hupata wastani wa pointi 1.0 kwa kila zamu, na timu B hupata 0.9. Wakicheza taratibu, kwa zamu 40 kila mmoja, tunatazamia A ipate 40 na B ipate 36, tofauti ya pointi 4. Wakicheza haraka, kwa zamu 80, tunatazamia 80 kwa 72, tofauti ya pointi 8.

Hata hivyo bahati nayo imo mchezoni. Mpira huzunguka juu ya chuma cha kikapu, ukaingia au ukatoka. Tukichukulia kwamba kila zamu huleta ama pointi 2 ama sufuri, nadharia ya uwezekano inatuambia kwamba mtawanyiko wa tofauti ya pointi hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya zamu: zamu zikiongezeka mara mbili, mtawanyiko huongezeka mara 1.4 tu. Faida ya timu bora hukua upesi kuliko bahati. Katika mfano wetu, kwa zamu 40 timu A ina nafasi ya kushinda ipatayo 67 katika 100. Kwa zamu 80 nafasi hiyo hufikia 74 hivi.

Maana yake ni hii: timu iliyo bora kuliko mpinzani wake inafaidika na zamu nyingi, na timu iliyo dhaifu inafaidika na zamu chache. Kabla ya kumwambia mwongoza mchezo aharakishe, mwalimu hana budi kujiuliza: leo tunacheza na nani?

Somo la mwaka 1950

Jambo hili lilionekana waziwazi huko Marekani tarehe 22 Novemba 1950. Timu ya Fort Wayne Pistons ilikwenda kucheza na Minneapolis Lakers, timu yenye nguvu iliyokuwa na George Mikan, mchezaji mrefu aliyekuwa hazuiliki karibu na kikapu. Wakati ule hapakuwa na kikomo cha muda wa kuushika mpira. Fort Wayne waliushika tu, wakapitishiana, wakakataa kuharakishwa. Mchezo uliisha kwa pointi 19 kwa 18, na wageni ndio waliokuwa na 19. Mikan peke yake alifunga 15 kati ya zile 18 za timu yake.

Kwa hesabu yetu, wanyonge walitenda kwa akili. Lakini watazamaji hawakupendezwa na michezo ya namna hiyo, na mwaka 1954 ligi hiyo ikaweka sheria ya sekunde 24. Namba hiyo ilitokana na hesabu nyepesi ya Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse. Aliona kwamba mchezo uliopendeza ulikuwa na majaribio ya kufunga yapatayo 120 kwa timu zote mbili. Akagawa sekunde 2,880 za mchezo wa dakika 48 kwa 120, akapata 24. Michezo ya kimataifa iliweka sekunde 30 mwaka 1956, na ikafuata 24 mwaka 2000.

Mguu, jicho na mpira

Sasa tumrudie msichana wetu. Tuseme anapokwenda kwa wastani hukimbia mita 4 kwa sekunde, na anapohimizwa hukimbia mita 6. Nusu ya uwanja ni mita 14. Kwa mwendo wa kwanza huimaliza kwa sekunde 3.5; kwa wa pili, sekunde 2.3. Ameokoa sekunde 1.2. Je, amelipa nini?

Kwanza, umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni: umbali ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya kiasi cha kupunguza mwendo. Tukichukua kiasi hicho kuwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, mwendo wa mita 4 unahitaji mita 1.6 za kusimama. Mwendo wa mita 6 unahitaji mita 3.6. Uwanja ukiwa wa udongo uliolowa ukungu, msuguano hupungua na umbali huo huzidi. Hii ndiyo sababu ileile inayomfanya dereva wa Lushoto apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Pili, jicho na ubongo huhitaji muda. Mwaka 1952 mtafiti wa Uingereza, W. E. Hick, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba muda wa kuamua huongezeka kadiri mambo ya kuchagua yanavyoongezeka. Mwongoza mchezo anachagua kati ya wenzake wanne, kikapu, na kuendelea kudunda. Ikiwa uamuzi unamchukua sekunde 0.3 tu, katika muda huo mwenye mwendo wa mita 4 amesogea mita 1.2, na mwenye mwendo wa mita 6 amesogea mita 1.8. Jumlisha na umbali wa kusimama: mita 2.8 kwa wa kwanza, mita 5.4 kwa wa pili. Huyu wa pili anahitaji zaidi ya theluthi ya nusu uwanja ili abadili nia yake. Mlinzi mwerevu humngoja papo hapo.

Tatu, misuli ina akiba ndogo. Mbio za nguvu zote hutegemea zaidi kemikali iitwayo fosfokreatini, ambayo hupungua sana katika sekunde 10 hivi. Nusu ya akiba hiyo hurudi baada ya nusu dakika ya mapumziko, lakini kurudi yote huhitaji dakika kadhaa, na oksijeni ndiyo inayoirudisha. Lushoto, kwa ajili ya mwinuko wake, kanieneo ya hewa ni asilimia 85 hivi ya ile ya pwani, na oksijeni nayo imepungua kwa kiasi hichohicho. Wako wanaodhani kwamba mtoto wa mlimani akishuka Tanga atawashinda wote kwa pumzi. Wasijidanganye sana. Wanariadha wanaotafuta faida ya mwinuko kwa kawaida hufanya mazoezi kwenye mita 2,000 na zaidi. Tena huko Tanga joto na unyevu humngoja mgeni: jasho halikauki upesi, na damu iliyotakiwa na misuli hulazimika kwenda pia kwenye ngozi kupoza mwili.

Nne, na hili ndilo muhimu kuliko yote, mpira huenda mbio kuliko mguu. Pasi ya mikono miwili yenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde huvuka zile mita 14 kwa sekunde 1.4. Basi haraka ya timu si lazima iwe haraka ya miguu ya mtu mmoja. Mwongoza mchezo anayenyanyua kichwa mapema, akamwona mwenzake aliyetangulia na kumpa mpira, amecheza haraka kuliko anayekimbia nao, hata kama yeye mwenyewe anatembea.

Basi aharakishe lini?

Haraka ina faida yake ya kweli pale walinzi wanapokuwa hawajajipanga. Washambuliaji watatu wakiwakuta walinzi wawili, mmoja wao lazima awe peke yake. Lakini nafasi hiyo hudumu sekunde chache tu, na ngoja ngoja hapo huumiza matumbo kweli. Walinzi wote watano wakisharudi, sekunde ile 1.2 iliyookolewa haina wa kumnunua. Hapo mwongoza mchezo apunguze mwendo, asome uwanja, kisha aongeze ghafla. Mlinzi huzoea mwendo mmoja upesi, uwe wa haraka au wa polepole. Kinachomtatiza ni kubadilika kwake.

Haya yote yanaweza kupimwa kwa daftari na penseli. Mwanafunzi achore visanduku vinne: walinzi wamejipanga au hawajajipanga, na mwongoza mchezo ameharakisha au hakuharakisha. Kwa kila zamu aandike pointi zilizopatikana katika kisanduku chake, hata zikiwa sufuri. Mwishoni atafute wastani wa kila kisanduku. Lakini asitoe hukumu mapema. Kwa zamu 25, kosa la kawaida la wastani ni pointi 0.2 hivi, kwa zamu 100 hupungua kuwa 0.1. Mchezo mmoja hautoshi kumhukumu mtu. Michezo minne au mitano huanza kusema kweli.

Nilimweleza mwalimu yule mambo haya chini ya ukuta wa darasa, giza likiingia. Yeye ni mwalimu wa hisabati pia, na hakuchukizwa. Alimwita msichana, akamwambia aendelee kuongoza timu mpaka daftari litakapojaa. Kesho yake nilipopita uwanjani kabla ya kushuka Mombo, niliwakuta wanafunzi wawili wameketi pembeni na visanduku vyao vinne, na sauti ya mwalimu ikiita neno jipya. Hakusema tena "Haraka!" Alisema, "Tazama kwanza!"