Malkia Elisabeth wa Wabelgiji

Huenda mwanafunzi akauliza, "Malkia ana kazi gani vitani, naye hashiki bunduki?" Habari za Malkia Elisabeth zatupa jibu.

Elisabeth alizaliwa mwaka wa 1876 katika nchi ya Bavaria, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwana wa jamaa ya kifalme, tena daktari wa macho, na binti alizoea kumsaidia kuwauguza wagonjwa. Mwaka wa 1900 aliolewa na Albert, ambaye baadaye alitawala Ubelgiji.

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliingia Ubelgiji. Basi malkia akawa katika shida kubwa: waliokuja kuipiga nchi ya mumewe walikuwa watu wa nchi yake ya kuzaliwa. Wangapi hawangemshuku? Watoto wake watatu walipelekwa Uingereza wapate salama. Yeye mwenyewe aliwafikisha huko. Naye angaliweza kukaa nao, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini alirudi vitani kwa mumewe.

Wabelgiji walisukumwa mpaka ng'ambo ya mto Yser. Huko walifungua milango ya mifereji, maji ya bahari yakafurika mabondeni, na adui akazuiwa. Ikabaki pembe ndogo tu ya nchi. Mfalme na malkia walikaa katika pembe hiyo, katika mji mdogo wa De Panne, penye pwani, mahali ambapo ngurumo za mizinga zilisikika. Hapo Daktari Antoine Depage aligeuza hoteli iitwayo L'Océan kuwa hospitali. Malkia aliisaidia kwa bidii, akawatembelea majeruhi na kuwatunza. Askari walipomwona kando ya vitanda vyao, hawakuuliza tena alikozaliwa.

Tarehe 22 Novemba 1918 mfalme na malkia waliingia Brussels wamepanda farasi, watu wakishangilia. Lakini kazi ya malkia haikuisha siku ile. Vita hukoma kwa siku moja. Majeraha yake hayakomi upesi. Mwaka wa 1926 chama cha kuchunguza maradhi kiliwekwa kwa jina lake.

Mfalme Albert alikufa mwaka wa 1934, alipoanguka mwambani. Mwaka wa 1940 Wajerumani waliingia tena, naye mjane hakuondoka. Walipoanza kuwakamata Wayahudi mwaka wa 1942 ili kuwahamisha na kuwaua, aliwaombea kwa wakubwa wa Kijerumani. Wengine waliponea kwa maombi yake, ingawa walio wengi hakuweza kuwaokoa. Kwa ajili hiyo aliheshimiwa na Wayahudi huko Yerusalemu mwaka wa 1965, mwaka ule ule aliofariki.

Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Malkia huyu hakuwa mzaliwa wa Ubelgiji; lakini siku ya dhiki Wabelgiji walimwona kuwa mwenzao.