Krankishafti: ya Kufua au ya Kusubu?

Huku kwetu Mofwe, kando ya ziwa Mweru, mtu hachagui kasia kwa rangi yake. Hutazama kwanza nyuzi za mti. Zikienda sawasawa toka mpini hadi bapa, kasia hilo ni la kutumaini. Zikikatiza, litamwacha ziwani. Chuma nacho kina jambo kama hilo.

Krankishafti ni ule mtaimbo uliopindapinda tumboni mwa injini, unaopokea mapigo ya pistoni na kuyageuza kuwa mzunguko. Injini ya pistoni nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mtaimbo huo hupigwa mara 12,000. Hapo ufa mwembamba kama unywele waweza kukua hata ukaukata.

Krankishafti ya kusubu hufanywa kwa kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu. Ni rahisi, na Ford walizitia katika injini zao za V8 tangu miaka ya 1930. Ya kufua ni bonge la chuma cha pua, jekundu kwa moto, lililopondwa kwa nyundo kubwa ya mashine. Chembe zake hulala zikifuata mipindo, kama nyuzi za kasia jema. Kwa hiyo hustahimili zaidi, nayo ni ghali.

Je, ya kusubu ni takataka? Hasha! Tazameni East African Safari, yale mashindano ya magari yaliyoanza 1953. Mwaka 1964 walishinda Peter Hughes na Bill Young kwa Ford Cortina GT, gari ambalo krankishafti yake ya kiwandani ilikuwa ya kusubu. Mwaka 1965 wakashinda Joginder Singh na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Ya Volvo ilikuwa ya kufua. Injini zote mbili zilikuwa na beringi kuu tano, na mimi naona hilo liliwafaa sana: mtaimbo ulioshikwa mahali patano hauyumbi ovyo.

Nanyi mliokwisha toka shule, mkinunua injini kuukuu, msimwamini muuzaji kwa maneno. Tafuteni mstari ubavuni mwa krankishafti. Ukiwa mwembamba kama uzi, ni ya kusubu. Ukiwa mpana, wenye alama za kusagwa, ni ya kufua. Ning'inizeni na kuigonga: ya kufua hulia kama kengele, ya kusubu hutoa sauti butu. Kisha papaseni pembeni, pale shingo inapokutana na ubavu. Fundi akiisaga upya akaacha kona kali badala ya mviringo, hata ya kufua itaanza kupasuka papo hapo.