Upepo Ndio Ubebao Mzigo

Bila shaka mmekwisha kuona, katika barabara itokayo Likasi kwenda Lubumbashi, kamio iliyosimama kando, imeinama upande mmoja, na wasafiri wameketi chini karibu na magunia ya makala wakingoja fundi. Shofere anaonyesha mpira uliopasuka, asema: «Mpira mbaya huu, nao ni wa juzi tu!» Mara nyingi mpira hauna kosa. Aliyekosa ni yeye aliyeupakia.

Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, mganga wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop alipewa hati ya serikali kwa ajili ya mpira wenye upepo, ambao alikuwa ameufunga kwanza katika baisikeli ndogo ya mtoto wake, yenye magurudumu matatu. Tangu siku zile jambo ni lile lile: upepo uliobanwa ndiyo ubebao mzigo, na mpira ni kama mfuko wa kuushika.

Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu hii. Gurudumu moja labeba kilo 400, na upepo wake una nguvu ya kilo 2 kwa kila sentimeta mraba. Basi mpira utajilaza mpaka uguse barabara kwa sentimeta mraba 200 hivi. Ongezeni mzigo ufike kilo 600, upepo ule ule: sasa ni 300 hivi. Tumbo la mpira limetoka nje, na kila gurudumu lizungukapo, ubavu wake hukunjwa na kukunjuliwa. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gurudumu lenye mzunguko wa meta 2 huzunguka mara 500 kila dakika! Kunjeni kipande cha waya upesi upesi mara nyingi, kisha kiguseni: kimepata moto. Mpira nao hupata moto vivyo hivyo. Mwishowe nyuzi za ndani huachana na mpira, nao wapasuka, hata kama juu ungali mpya.

Ambao haukupasuka hulika upesi, na namna ya kulika kwake yaonyesha kosa. Ukilika pande zote mbili na katikati pakabaki pazima, upepo ulikuwa mchache kwa mzigo ule. Ukilika katikati tu, upepo ulizidi. Ukilika upande mmoja, usilaumu upepo. Gurudumu halikunyoka, mpelekee fundi.

Nalisafiri siku moja na mchuuzi mmoja, gari limejaa mifuko ya unga. Saa sita mchana akagusa mpira, akaona una moto, akatoa upepo «ili upumzike». Masikini! Upepo ukipata moto nguvu zake huongezeka, ni kawaida yake. Akiupunguza, mpira hukunjwa zaidi na moto huzidi. Kabla ya jioni tulikuwa tumeketi kando ya njia sisi pia. Kipimo cha kweli ni cha asubuhi, kabla gari halijaenda.

Wengine hudhani kwamba kwa kuongeza upepo waweza kupakia upendavyo. Sivyo. Ubavuni mwa mpira mna namba ya nguvu zake: ukisoma 91, ndiyo kilo 615, basi. Wala usizidishe 615 mara nne ukafurahi, kwani mzigo wa nyuma hulemea magurudumu ya nyuma kuliko ya mbele.

Zaidi tuangalie kamio zenye magurudumu pacha. Mmoja ukipungukiwa na upepo, mwenzake humbebea, na kwa macho huoni kitu. Kwado hupiga kwa nyundo akasikiliza; nyundo humwonyesha mpira ulio mtupu, lakini ule uliopungua kidogo hulia kama mzima. Kwa huo hapana budi kipimo chenyewe, kidude kinachoingia katika mfuko wa shati.